Soksi ya Mguu wa Kulia

Sindano iliingia paja la kushoto, na mtoto hakulia. Ya pili ikaingia paja la kulia, na bado hakulia. Alilala mapajani mwa nyanya yake, macho yametulia kwenye fundo la kitambaa chake cha kichwa, kana kwamba mambo ya sindano yalikuwa ya mtoto mwingine kabisa.

Zahanati ile haikuwa mbali na soko la Marani. Watoto wa wiki sita walikuwa wamejaza benchi mbili, na kila aliyechomwa alilia hadi mabati yakaitika. Muuguzi Nyanchoka alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alibandika pamba, akacheka kwa uchovu.

"Mong'ina," alimwambia Kwamboka kwa heshima ya mama mtu mzima, "hapa mmezaa dume."

Lilikuwa neno la kusogeza foleni tu. Lakini Kwamboka alilidaka kama mtu anayedaka chungu kisianguke. Alimwinua mjukuu wake juu, akapiga vigelegele vilivyotoka dirishani vikawafikia wauza ndizi barabarani. Kwa Wagusii mvulana hupimwa kwa kisu. Hupelekwa jandoni alfajiri ya Disemba umande ukiwa bado wa baridi, na anayekunja uso huishi na mkunjo huo mpaka uzeeni. Mume wa Kwamboka, marehemu Ratemo, alisimama siku yake kama nguzo ya lango, na wenzake walilisimulia jambo hilo hata siku ya kumzika. Mtoto huyu alikuwa amepewa jina lake.

"Ratemo amerudi," Kwamboka aliwaambia wanawake wa benchi. "Hajamaliza hata miezi miwili, na chuma hakimtishi."

Sheila, mama wa mtoto, alitabasamu akitazama chini. Alikuwa msichana wa Nyamira aliyeolewa mwaka uliopita, na bado alikuwa anajifunza ni lini inafaa kucheka katika nyumba ya watu.

Habari ilitembea. Ilifika kituo cha kuuzia majani ya chai kabla ya magunia kupimwa, na siku ya Sabato iliingia kanisani pamoja na waumini. Na kwa kweli, mtoto alikuwa wa kusifiwa. Huku kwetu mtoto mwema ni mtoto mtulivu. Yule anayerusha miguu na kujipinda mgongo hutiliwa shaka, na mama yake huulizwa anamnyonyesha kwa hasira gani. Ratemo hakurusha chochote. Ukimfunga mgongoni kwa leso, alikaa vile vile ulivyomfunga. Sheila alipompeleka Nyamira kumwonyesha kwao, mama yake alimbeba mchana kutwa, akamrudisha akisema hajawahi kubeba mtoto mwepesi wa roho kama huyu. Miguu ilining'inia pande mbili za kiuno chake kama ncha za mshipi uliofunguka. Hakuna aliyeshangaa.

Aliyeshangaa alikuwa Benter.

Benter Adhis alikuwa mtu wa kando ya ziwa, si Mgusii, na kwa miaka kumi na moja alikuwa amepanga chumba pale sokoni. Alifuma sweta za wanafunzi kwa mashine, na kwa mkono akawafumia watoto wachanga kofia na soksi. Watu walimwita Mama Mitchell, kwa jina la binti yake. Ratemo alipozaliwa, Benter alipanda mpaka kwa Kwamboka na zawadi: soksi za rangi ya maziwa, zenye kikamba cha kufungia kifundoni. Alimvalisha mwenyewe na kufunga mafundo yake madogo, magumu, ya mtu anayeishi kwa uzi.

Wiki moja baada ya sindano, Kwamboka na Sheila walipita dukani kwake. Benter alimpokea mtoto, akamgeuza, akaitazama miguu. Kisha akauliza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyowakutanisha, kama soksi zile zimewahi kumtoka miguuni. Sheila akasema hata mara moja. Yeye huzivua kuzifua na kumvalisha tena, basi.

"Kila mama hapa sokoni amewahi kunirudia," Benter alisema. "Soksi moja imepotea, Mama Mitchell, nifumie mwenzake. Mtoto anapiga teke, soksi inabaki njiani. Miaka kumi na moja sijaona soksi inayokaa." Aliugusa unyayo wa mtoto kwa kidole. "Mama, huyu hapigi teke?"

Kwamboka alimchukua mjukuu wake mikononi mwake, si kwa nguvu, lakini haraka.

"Wewe kazi yako ni uzi," alisema. "Miguu ya watoto wa watu usiihesabu."

Siku ya pili yake mtoto akashikwa na homa.

Sasa, Kwamboka alikuwa na mikono. Vijiji vitatu vilimjua kwa mikono hiyo. Mtoto akikataa titi, akichemka bila sababu, akilia asinyamaze, aliletwa kwake. Yeye alipasha samli, akafunga mlango, akamkanda. Ugonjwa wenyewe huitwa ebibiriria. Mtu mwenye jicho baya akimtazama mtoto, vitu vidogo humshika ngozini, punje au unyuzi, vikazama ndani na kumsumbua, mpaka mkandaji avivute kwa mafuta. Kwamboka alikuwa amevuta punje za mtama, chembe za mchanga, mara moja unywele wa mbuzi. Hakuwahi kudai chochote ila shukrani, na shukrani alizipenda.

Alimvua Ratemo, akamlaza kifudifudi mapajani, akapaka samli. Kiganja kilipopita mgongoni mara ya tatu, aliutoa unyuzi. Uzi wa sweta, rangi ya maziwa. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akamwita mwanawe Momanyi, baba ya mtoto, aje ajionee kwa macho yake.

Hakuna aliyejiuliza kama ni ajabu kwa mtoto aliyevaa soksi za uzi kutwa kucha kukutwa na unyuzi mwilini.

Momanyi alikuwa mpole wa kuzaliwa, na mpole akikasirika hajui pa kusimama. Alizinyakua soksi, akateremka nazo sokoni, akazitupa juu ya mashine ya Benter watu wakitazama. Lakini aliyesema alikuwa Kwamboka, nyuma yake. Alisema kwa Kikisii, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza dagaa wa omena, kwamba mwanamke huyu ana jicho, na kwamba mwenye mtoto amfunike akipita hapa.  Benter alizikunja soksi, moja ndani ya nyingine, akazitia kwenye droo. Kabla ya juma kwisha, akina mama waliokuwa wamempa kazi walikuja kuchukua uzi wao bila kufumwa, mmoja baada ya mwingine, watoto wakiwa wamefunikwa nyuso.

Homa ilishuka. Kama ilishushwa na samli, au na dawa ya chupa ambayo Sheila aliileta kimya kimya kutoka duka la dawa, hapakuwa na ubishi, maana dawa ya chupa haikutajwa. Kwamboka aliendelea kumkanda mtoto kila asubuhi ili amalize masalia. Na hapo, hofu ilipokwisha, mikono ilianza kumsemesha.

Ukimsukuma mtoto mchanga unyayo kwa dole gumba, vidole vyake hujikunja kama vinavyotaka kushika. Kwamboka alijua hilo kama anavyojua njia ya kisimani. Vidole vya Ratemo havikujikunja. Ukimpinda mtoto goti, husukuma. Huyu goti lilibaki ulipoliacha. Miguu ilikuwa baridi kuliko tumbo. Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kuchekesha kama lisingekuwa zito. Mvulana ukimvua nguo hukurushia mkojo, na wajukuu wake wengine wote walikuwa wamemlowesha mpaka kidevuni. Ratemo hakuwahi. Mkojo wake ulidondoka tu, tone kwa tone, na nepi yake ilikuwa na unyevu saa zote, wala haikujaa wala haikukauka.

Siku ya kwanza alijiambia mtoto amechoka na homa. Siku ya pili alibadilisha samli. Siku ya tatu, Sheila akiwa shambani anachuma chai, Kwamboka alikaa kwenye kigoda mlangoni, juani, mtoto mapajani, akamfinya paja kwa kucha.

Ratemo alimtazama. Akatabasamu.

Akamfinya la pili, kwa nguvu, mpaka ngozi ikaacha alama. Tabasamu halikutoka. Kisha, kwa upole kabisa, akamfinya mkono, na mtoto akapiga yowe la kumtoa kuku chini ya ghala.

Kwamboka alikaa na lile yowe. Alimbembeleza, akamtia kitambaa, akamvalisha. Na wakati wote huo vigelegele vyake vya zahanati vilikuwa vinamrudia masikioni, vile vile, na wauza ndizi wakigeuka kutazama.

Angeweza kunyamaza, na alinyamaza. Siku tatu alinyamaza. Mwanamke wa umri wake hana mali nyingi. Ana jina. Jina lake lilikuwa limejengwa juu ya mikono inayojua na mjukuu asiyelia, na sasa alitakiwa kwenda kusema kwamba mikono haikujua na mjukuu hakusikia. Alipita kando ya duka la Benter mara mbili akitazama upande wa pili. Alisali. Alimkanda mtoto tena, akitafuta teke moja tu, hata la ndotoni. Miguu ilikuwa kama ya mwanasesere wa matambara.

Jioni ya siku ya tatu Sheila alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Alisita, mkono ndani ya maji.

"Mama," alisema, "wiki ya kwanza alikuwa anapiga maji. Nakumbuka. Alinilowesha gauni."

Alisema polepole, kama anayeomba aambiwe amekosea. Kwamboka alimwangalia msichana huyo ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kumpinga kwa neno lolote, akaona kwamba yeye naye alikuwa anajua, na alikuwa peke yake na kujua huko.

"Hakuivumilia sindano, mwanangu," Kwamboka alisema. "Hakuisikia."

Asubuhi walikuwa Kisii mjini, wote watatu na mtoto, katika hospitali kubwa. Daktari Nyangau alikuwa kijana mwenye mikono ya polepole. Alimgusa mtoto nyayo kwa kijiti, akapanda nacho, vifundo, magoti, mapaja, mpaka chini kidogo ya kitovu, ambapo Ratemo alikunja uso kwa mara ya kwanza. Akaweka alama hapo kwa kalamu. Halafu akauliza imeanza lini.

Momanyi akajibu kwamba imeanza juma lililopita, pamoja na homa. Alijibu kwa uaminifu, ndivyo alivyoambiwa na mama yake.

"Nataka siku yenyewe," daktari alisema. "Kuna kitu kinabana uti wa mgongo wa huyu mtoto. Kitu kinachobana kina saa yake. Daktari wa upasuaji atakachofanya, na atakachowaahidi, kinategemea mgongo umebanwa siku ngapi. Msinipunguzie."

 Kwamboka alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini. Alisimama, kama wanavyosimama kanisani wanaotaka kushuhudia.

Alisema ni siku ya sindano, siku ya Jumanne, mapaja mawili na hakuna kilio. Alisema kwamba alipiga vigelegele. Alisema kwamba wiki moja baadaye mwanamke mmoja sokoni aliuliza kwa nini mtoto hapotezi soksi, na kwamba yeye, Kwamboka, alimjibu vibaya, kisha akamwita mchawi mbele ya watu. Alisema kuhusu mkojo wa matone. Mwisho akasema kwamba kwa siku tatu alikuwa amejua, na akanyamaza.

Momanyi aligeuka akamtazama mama yake. Kisha akamgeuzia mgongo. 

Daktari aliandika yote. "Huyo wa soksi ni muuguzi?" aliuliza.

"Ni fundi wa sweta," alisema Sheila.

"Mngemsikiliza," alisema daktari, akafunga faili.

Picha zilipigwa kwa mashine kubwa, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Daktari Nyangau aliwaonyesha. Ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, mahali penye alama ya kalamu, kulikuwa na kifuko cha maji, kirefu kama njegere mbili zilizoshikana. Alisema ni jambo la nadra sana. Yeye mwenyewe alikuwa amelisoma tu vitabuni. Alisema kifuko hakikuwekwa na jicho la mtu yeyote, wala na kitu alichokula Sheila, wala na samli. Kilikuwepo, kikajaa taratibu, kikaminya neva za miguu na kibofu, na kwa kuwa kilikuwa ndani kabisa, mgongo kwa nje ulikuwa laini na mzuri, hakuna mkono ambao ungekigusa. Mtoto angepelekwa Eldoret kufunguliwa mgongo na maji kutolewa. Miguu ingeweza kurudi yote, au mmoja, au isirudi. Nani angejua? Hata daktari hakujua, na hakujifanya anajua.

Sheila na Momanyi wakaenda Eldoret na mtoto. Kwamboka alibaki na ng'ombe na chai.

Siku ya soko alivaa gauni lake la kanisani, akateremka mpaka duka la Benter. Mlangoni palikuwa na watu wakipita. Ndani palikuwa na Benter, mashine na rafu tupu. Kwamboka alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Alisema kwa Kiswahili kwamba amekosa, na kwamba mtoto ana ugonjwa wa mgongo, na kwamba anaomba msamaha.

Benter alikata uzi kwa meno.

"Mama, siku ile ulinitukana kwa lugha gani?"

Kwamboka alitazama nje, kwa wauza omena.

"Ulisema Kikisii, soko lote likasikia. Mimi pia nilisikia, kila neno. Nimelala hapa miaka kumi na moja. Leo unaniomba msamaha kwa Kiswahili cha darasani, kwa sauti ya msibani. Nani atakusikia? Hawa walionichukulia uzi watakusikia?" Aliweka mkasi chini. "Toka hapo mlangoni. Sema kwa lugha uliyonichafulia, na kwa sauti ile ile."

Kwamboka alitoka, akasimama mahali pale pale aliposimama siku ile. Aibu alikuwa nayo, na sauti alikuwa nayo. Sauti hakuwahi kuikosa. Alisema kwa Kikisii kwamba Mama Mitchell hana jicho lolote baya, kwamba aliona ugonjwa ambao yeye mwenyewe, mkandaji wa vijiji vitatu, hakuuona, na kwamba unyuzi alioutoa ulikuwa wa soksi. Wauza omena waliacha kupepea nzi. Mwanamke mmoja alicheka kidogo, akakoma. Kwamboka alirudia mara ya pili kwa ajili ya waliokuwa mbali.

Alipogeuka, Benter alikuwa amefungua droo.

"Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe. Alimpa soksi, moja ndani ya nyingine. "Hizi ni zake. Nilimpa yeye, sikukupa wewe."

Mtoto alirudi na kovu mgongoni lenye urefu wa kidole cha mtu mzima. Kwamboka hakumkanda. Sheila alifundishwa Eldoret namna ya kumnyoosha miguu, na Kwamboka alikaa pembeni akamtazama, akafuata, kama mwanafunzi. Momanyi alianza kuzungumza naye tena, kwanza habari za ng'ombe.

Mtoto alipotimiza wiki kumi na nne, ilikuwa zamu ya sindano tena. Benchi zile zile, na muuguzi Nyanchoka yule yule. Safari hii, alipomwona mtoto, alimshika mguu mmoja muda mrefu kabla ya kumchoma, na hakufanya mzaha. Kwamboka ndiye aliyempakata. Sheila alikuwa amemwomba.

Sindano iliingia paja la kushoto. Mtoto alikitazama kitambaa cha nyanya yake. Kimya. 

Ya pili ikaingia paja la kulia. Kwa kitambo kidogo hakuna kitu. Kisha uso wa Ratemo ukajikunja, mdomo ukafunguka bila sauti, ukabaki wazi, na kilio kikatoka, kibichi, kirefu, cha mtu aliyeonewa.

Mwanamke mmoja wa benchi, aliyekuwa na kumbukumbu nzuri, alisema, "Mong'ina, si huyu ndiye lile dume?"

Watu wakacheka.

"Mwache alie," alisema Kwamboka.

Hakumnyamazisha. Alitoka naye nje akiwa bado analia, akatembea naye polepole kwenye barabara ya soko, akimsikiliza. Walipofika penye duka la Benter, Sheila aligundua mguu wa kulia uko wazi. Alitaka kurudi kutafuta njiani, soksi haiwezi kuwa mbali. Kwamboka akamshika mkono akamzuia.

Aliingia dukani. Benter alikuwa na sweta ya mwanafunzi mashinani, na kwenye rafu palikuwa na uzi wa watu wawili watatu. Si kama zamani.

"Imepotea," alisema Kwamboka. "Nifumie mwenzake."

Benter alisimamisha mashine. "Ya mguu gani?"

"Wa kulia."

Benter aliinuka, akaja, akautazama mguu ulio wazi. Kisha akautazama wa kushoto, na soksi yake, na fundo gumu la kikamba lililokaa kama lilivyofungwa asubuhi. Aliligusa.  Alirudi kwenye kiti chake, akatoa bonge la uzi wa rangi ya maziwa na sindano zake mbili ndefu za kufumia.

"Nitafuma mbili," alisema. "Ya kulia, na nyingine ya kushoto."

"Ya kushoto haijapotea, Mama Mitchell."

"Najua," alisema Benter, akaanza kuhesabu nyuzi. "Itangoja hapa kwenye droo."